Mafundo ya Cheche

Pale gereji walimwita Cheche, jina la enzi zake, alipokuwa na mikono myepesi na maneno mengi. Mikono bado alikuwa nayo. Maneno yalikuwa yamepungua, na macho ndiyo yalikuwa yamemgeuka kabisa. Mtoto wa jicho alimwingia bila hodi, mpaka waya mwekundu, wa kahawia na mweusi ukawa kitu kimoja tu mbele yake. Sasa fundi umeme wa magari asiyeona rangi ya waya atamwambia nani? Watamkalisha getini afungue na kufunga, basi, ufundi umekwisha.

Aliyejua ni mkewe peke yake. Kila jioni mzee alirudi na nyaya za kazi ya kesho, tatu tatu ndani ya mpira mmoja. Alfajiri, kabla hajabandika chai, mama huyo alikaa mlangoni penye mwanga na kumfungia vifundo kwenye ncha za huku na za huku: fundo moja kwenye nyekundu inayoleta moto wa betri, mawili kwenye nyeusi ya ethi, ile inayofungwa kwenye bodi ya gari, na ya kahawia aliiacha bila kitu. Mzee akifika kazini anapapasa, anaunga, anakata kipande chenye fundo na kukitia mfukoni. Watu walimsifu kwamba anafanya kazi bila hata kutazama. Alicheka nao, angefanyaje?

Sasa mama mkwe wa mzee alikuwa mgonjwa, amelala chumba cha pili, na usiku kucha ilikuwa kikohozi, maji, mgeuze ubavu huu, mgeuze ule. Asubuhi hiyo mke alifunga mafundo huku anasinzia. Mzee alikiona kichwa kikidondoka, akaona haya kumwamsha. Alichukua nyaya zake na kuondoka bila chai.

Kazi yenyewe ilikuwa kufunga taa juu ya keria ya pikapu, mbili za kumulika mbele na mbili za pembeni. Dereva wake alikuwa akipeleka mafundi kwenye ujenzi wa barabara kabla jua halijatoka, na njia ile ilikuwa mashimo matupu.

"Mzee wangu, zitawaka kweli hizi?" dereva aliuliza.

"Zikigoma napanda huko juu na kiberiti, twende wote."

Gereji ile ilikuwa na sheria: ukiunguza fyuzi mara mbili kwenye gari moja, unashuka, anapanda mwingine, na hakuna kubishana. Aliyeitunga ni Cheche mwenyewe, zamani alipokuwa akimfundisha kazi mpwa wake, ambaye sasa ndiye mwenye gereji. Sheria nzuri sana, alimradi inamhusu mwenzio.

Alibonyeza swichi. Fyuzi ikaungua.

Alijua palepale. Mafundo ya upande mmoja yalikuwa yamefungwa ovyo, mkewe usingizi ulimzidi. Lakini ipi imekaa mahali pa ipi? Angezipima moja moja kwa taa ya kupimia, ila dereva alikuwa amesimama begani kwake, na mpwa wake alikuwa ameshageuza shingo. Alichoka ghafla, uchovu wa miaka yote kwa pamoja. Akabahatisha ncha mbili, akazibadilisha, akaweka fyuzi mpya.

Nayo ikaungua.

Mpwa alikuja akifuta mikono kwa kitambaa. "Mjomba, shuka ukanywe chai."

Alishuka. Alikaa nyuma ya lundo la matairi na kikombe ambacho hakukinywa, akijiona ameshika funguo za geti. Aliporudi, taa zote zilikuwa zinawaka juu ya keria, na mpwa alikuwa akimwambia dereva kwamba fundi alishamaliza, ni fyuzi tu zilikuwa mbovu. Wala hakumtazama mjomba wake usoni.

"Kesho kuna gari jingine la keria," alisema tu. "Nyaya nimeshakutilia kwenye mfuko."

Jioni mke alimpokea mlangoni, macho yamemvimba kwa usingizi. "Zimewaka?"

"Zimewaka."

"Niliogopa, baba. Nilifunga nikiwa nusu nimelala."

"Ulifunga sawa," alimdanganya.

Mkewe alikaa kitini, akautoa mfukoni ule mzigo wa nyaya ili auweke tayari kwa alfajiri. Vidole vyake vikasimama.

"Hizi zimeshafungwa. Moja kwenye nyekundu, mawili kwenye nyeusi, kama zetu." Akapapasa tena. "Lakini si mafundo yangu haya. Mimi sipitishi mara mbili."

Mzee alizichukua. Fundo lilikuwa limepitishwa mara mbili na kukazwa kwa meno, alama za meno zipo. Yeye ndiye aliyemfundisha mtoto wa dada yake kufunga hivyo, waya usiteleze. Kumbe alikuwa anajua. Tangu lini, Mungu ndiye ajuaye. Aibu ilimpanda usoni kwanza, kisha mabega yakashuka yenyewe, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alitamani chai.

"Kesho usiamke alfajiri," alimwambia mkewe. "Nyaya zimepata mtu."

Mkewe alikuwa ameshalala palepale kitini, mikono ikiwa bado wazi mapajani.