Shukrani za Irine Zilizofika Mahakamani

Mdogo wangu Irine ana mdomo mtamu, na mdomo huohuo nusura uiue redio yetu. Anatangaza kipindi cha asubuhi pale Same mjini: misiba, bei ya tangawizi kule kata ya Mamba, ng'ombe waliopotea kijijini Kisiwani. Bila yeye, mtu wa Suji, huko milimani, anaweza kukosa mazishi ya shangazi yake mwenyewe.

Kampuni yenye kituo hicho ina mbia mmoja, tajiri wa ng'ambo ambaye hatujawahi kumwona hata kwa picha. Nchi za huko zikamwekea vikwazo vya uchumi kwa mambo yake ya vita, na kampuni yetu ikakokotwa humohumo. Benki ikafunga akaunti, fundi wa mitambo akaacha kuja. Basi kampuni ikaenda mahakamani kulekule ng'ambo, kudai kwamba tajiri ana hisa tu, hana amri yoyote juu ya kituo. Ikishindwa, redio inazimwa. Irine akawa anatangaza bila mshahara, nami namtumia ndizi na maharage huku nikimwita kichwa ngumu.

Mvua nayo ikakata barabara ya kwenda kwenye mnara wa redio kule Suji, mafuta ya jenereta yakawa hayapandi. Gadiel, anayesimamia msaragambo kijijini, akawaita watu. Wakaja na majembe na sururu, wake kwa waume, kazi ya bure kama ilivyo desturi yetu, na njia ikapitika. Sasa, kwetu huwezi kuwaacha watu wa msaragambo watawanyike bila neno la mwenye kazi. Irine akashika kipaza sauti, akasema hewani kwamba mwenye kituo anawashukuru sana, anawaombea baraka, na moyo wake uko pamoja nao. Mwenye kituo gani, jamani? Alikuwa anatimiza adabu tu.

Mawakili wa upande wa pili wakaipata sauti hiyo mtandaoni, wakaipeleka kwa majaji. Huyu hapa tajiri wenu, walisema, anafanyiwa kazi, anatuma na salamu. Wakili wetu Rodrick akapiga simu kutoka Dar kuuliza Irine alizungumza lini na huyo bwana. Mdogo wangu hakuwahi kuzungumza naye hata siku moja. Alikuja akakaa jikoni kwangu, chakula hakigusi.

"Dada, redio nimeizima mwenyewe," aliniambia.

Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Nami niliogopa, sitaki kudanganya.

Rodrick akapanda Suji mwenyewe. Aliwahoji waliotengeneza barabara, akawaapisha, maelezo yao yakatafsiriwa na kupelekwa huko kwenye kesi. Halafu tukangoja. Tulingoja mpaka nikaichukia simu. Irine alitangaza kwa woga, hata pole kwa wafiwa anaitoa nusunusu, watu wakaanza kuniuliza kama anaumwa.

Hukumu ilitoka siku tunaosha tangawizi uani kwangu. Rodrick alinipigia simu, anaongea haraka, nikaelewa moja tu: tumeshinda. Kituo kimetolewa kwenye vikwazo, benki itafungua akaunti. Nilipiga vigelegele, kuku wakatimua mbio. Irine akaketi palepale kwenye tope, anacheka na machozi yanamtoka.

Alipotulia, akachukua simu, akaiweka spika, akamwuliza Rodrick imekuwaje majaji wakaipuuza ile sauti yake. Rodrick akasema kule Suji alimwuliza kila aliyechimba ile barabara, mmoja mmoja, swali lilelile: mwenye redio ni nani? Hakuna hata mmoja aliyemjua tajiri.

"Sasa walimtaja nani?" Irine akauliza.

"Wewe. Wote walisema redio ni ya Irine."

Akanipa simu, akajifunika uso kwa kanga. Nilimwacha alie, ilikuwa haki yake.