Niliongeza springi za nyuma za pikapu, nusura nikose mke

Wakuu, ejok nyote. Mimi ni dereva wa Lodwar, na kisa hiki nakileta bila chumvi. Chumvi yote iko kwenye samaki ninaobeba.

Kazi yangu ni kupakia samaki wakavu wa Kalokol na kuwashusha Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa mfanyabiashara wa South Sudan anayeitwa Mama Achol. Nikirudi Lodwar narudi mtupu.

Shida ilikuwa nyuma. Magunia yakishapanda, mkia wa pikapu unakaa chini, taa za mbele zinamulika ndege. Askari wa barabarani wakiniona wanatabasamu, na lile tabasamu mnalijua.

Nikaipeleka kwa fundi wangu Ekai aongeze springi za nyuma, yale mabapa ya chuma yanayopangwa moja juu ya jingine. Alikuwa nayo ya lori lililokufa. Sasa huyu Ekai hajui neno "kidogo".

"Weka mbili," nikamwambia.

"Mbili ya nini? Mimi naweka mpaka ubebe kanisa."

Na akaweka kweli.

Safari ya kwanza, load kamili, pikapu ilikaa sawa kama meza. Mama Achol aliizunguka akaipiga kofi akiisifu. "Gari yako sasa kweis, kweis kabisa!" Nilivimba kichwa, siwafichi.

Siku hiyohiyo, nikirudi mtupu, nilikuwa nimchukue hapo Kakuma mama yake Akiru, msichana ninayetaka kumuoa. Mama alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Alitaka kwanza afike Lodwar aone mtoto wake ataishi wapi na mtu wa aina gani, maana alikuwa amesikia madereva wa pikapu ni watu wa haraka na choyo. Kwa hiyo jibu lake lilitegemea safari hii moja, na mimi nilishaosha mpaka rimu.

Akaja na mdogo wake. Kwa heshima, mimi na mama mkwe hatuwezi kubanana, kwa hiyo mama mdogo akakaa katikati.

Tuta la kwanza, wakuu!

Springi iliyofungwa kwa ajili ya magunia, ukiipa akina mama wawili na hewa, inakurusha. Tulipaa wote watatu. Mama mkwe aliporudi kitini, shanga zake zote za shingoni zilikuwa zimemfunika uso. Mama mdogo alitua kwenye gia, gia ikatoka.

Nikapunguza mwendo. Wapi! Tukashuka kwenye mchanga mahali mto mkavu umekula lami, pikapu ikaanza kuruka kama mwanambuzi. Mama mdogo alikuwa anaita Yesu kwa kila shimo.

"Simamisha," mama mkwe akasema. "Hii gari nakataa mimi. Nitatembea."

Akishuka hapo na kurudi Kakuma kwa miguu, hiyo ndoa imekwisha na mji mzima utajua kwa nini.

"Mama, subiri. Hii gari inataka tu mzigo."

Mbele kulikuwa na mzee na mbuzi wake, amenyoosha mkono. Nikafunga breki. "Mzee, panda!"

"Mimi hakuna pesa."

"Nani ameuliza pesa? Panda na mbuzi!"

Akapanda. Kurukaruka kukapungua kidogo tu. Nikapakia akina mama wa makaa na magunia yao. Nikambembeleza kijana wa bodaboda iliyokufa apande na pikipiki yake. Mwishowe nikakuta kwaya inangoja usafiri wa Lodwar, na ngoma zao, na mwalimu wao mnene. Huyo nilimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Hapo pikapu ikatulia. Nyuma wanaimba, mbele mama mkwe amelala.

Tulipofika kwangu, wote walishuka wakimshika mama mkono, wakimbariki kwa mkwe aliyempata. Sebule niliyopaka rangi hakuiangalia. Alimwita Akiru, aliyekuwa anatungoja mlangoni, akamwambia, "Mtu hawezi kupita mwingine kwa jua, huyo hawezi nyima wewe chakula. Olewa."

Habari za springi niliziacha garini.

Funzo: kabla hujaongeza suspension, mwambie fundi unabeba nini kwenda NA kurudi.

Ila mama mkwe ametangaza Kakuma nzima kwamba mkwe wake hapiti mtu. Siku hizi nikishusha samaki nakuta watu wameshajipanga na mbuzi wao.

Wenye ujuzi, kuna springi za kubeba mzigo mzito na bado ziwe laini gari ikiwa tupu? Semeni hapa. Kila nikiamua kwenda kwa Ekai azipunguze, nafika gereji nimejaza watu, naye anauliza kama aongeze.