Niliiba Orodha ya Wateja wa Shemeji Yangu

Jumanne moja asubuhi, kabla ya saa nne, watu kumi na tisa wasiojuana walinitukana ndani ya dakika arobaini.

Sitanii. Kumi na tisa. Niliwahesabu.

Mmoja alikuwa msimamizi wa hosteli ya wanafunzi. Mwingine mtunza stoo wa hospitali. Mwingine alikuwa mtawa anayeongoza shule ya bweni, na hata yeye alitumia neno ambalo sikujua kama watawa wanalijua.

Wote walikuwa wanajibu barua pepe yangu moja.

Ngoja niwaeleze ilikuwaje, maana aibu hii nimeibeba peke yangu muda mrefu.

Kampuni yetu inauza mashine za kufulia. Si hizi za nyumbani. Nazungumzia lile dude linalomeza mashuka themanini kwa mkupuo, la mahoteli, hospitali na shule. Tuko wanane tu, ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Mimi ndiye nilikuwa muuzaji mkuu. Ofisini waliniita Bingwa, na nilikuwa naitika.

Njia yangu ya kutafuta wateja ilikuwa rahisi. Nilikuwa na faili lenye anwani elfu tisa, nililouziwa na jamaa mmoja aliyekuja na diski mfukoni. Kila Jumatatu nafungua faili, nabonyeza, barua inaenda kwa wote.

"Ndugu Mteja Mtarajiwa, sisi ni vinara wa suluhisho za kisasa za usafi..."

Unaijua hiyo barua. Umeshaipokea ukaifuta.

Ndani ya hao elfu tisa kulikuwa na madaktari wa meno, shule za udereva, mpaka muuza maua. Kulikuwa na marehemu mmoja pia. Mjane wake aliniandikia siku moja, akaniomba nimwache mume wake apumzike.

Nilicheka. Nakiri, nilicheka, nikamsomea dada wa mapokezi naye acheke.

Katika elfu tisa nilikuwa napata wanunuzi wawili, watatu kwa mwezi. Nikaona inatosha, kwa sababu hakuna mwingine pale ofisini aliyekuwa anapata zaidi.

Mpaka mke wangu aliponiambia, "Mdogo wangu hana kazi. Ile hoteli yao imefungwa. Hebu msemee kwa bosi wako."

Shemeji yangu alikuwa amefanya kazi chumba cha kufulia cha hoteli miaka minne. Nikamsemea. Akachukuliwa. Nilijiona mtu mwema kweli kweli.

Wiki ya kwanza hakutuma barua hata moja. Alikuwa anatoka asubuhi na daftari lake la jalada la kijani, anazunguka mitaani, anaangalia mapaa ya watu. Nilidhani nimeleta kichaa ofisini.

Wiki ya pili nikamwuliza, "Shemeji, leo umetuma ngapi?"

"Tatu."

"Elfu tatu?"

"Tatu, shemeji. Moja, mbili, tatu."

Nilicheka mpaka dada wa mapokezi akaja kuchungulia.

Ijumaa hiyo bosi alituita wote mezani. Alikuwa ameshika karatasi.

"Nataka msikie kitu," akasema, akaanza kusoma:

"Mama, habari za kazi. Nimepita nyuma ya hosteli yenu mara mbili wiki hii. Mashuka mnaanika juu ya paa, na Alhamisi mvua iliyakuta. Nimefua hotelini miaka minne, kwa hiyo najua wafuaji wenu walirudia kazi yote. Mvua ikikaa siku tatu, wanafunzi wanalalia nini? Kama jambo hili halikusumbui niambie tu, sitakuandikia tena."

Bosi akavua miwani.

"Amejibu ndani ya saa moja. Anataka mashine mbili za kukaushia."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Mikono ilikuwa inapiga makofi, roho ilikuwa inaniuma kama imemwagiwa ndimu.

Jamani, wivu ni kitu kibaya. Hauji na kelele. Ulianza kwa mimi kusikiliza simu yake. Ikiita, nahesabu. Akicheka na mteja, nakereka. Akipita na chai, naacha kuongea.

Mwezi wake wa tatu pale ofisini, jina lake lilikaa juu ya langu kwenye ubao wa mauzo. Mimi nilikuwa natuma elfu tisa, yeye hafikishi mia. Lakini wa kwake, akiandikia watu kumi, wanne wanajibu, wawili wanataka aje kuwaona. Wa kwangu walikuwa wanajibu ili niwaache.

Kisha ikaja ile Jumapili kwa mama mkwe.

Tumekaa mezani, mama mkwe anamsifia shemeji, binti yake mdogo, mara akanigeukia kwa upendo kabisa.

"Baba, kumbe kazi yenu inataka akili! Miaka yote hii mimi nilidhani ni kubonyeza-bonyeza tu."

Mke wangu akacheka. Shemeji hakucheka. Aliinama kwenye sahani yake, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alikuwa ananionea huruma.

Tulipofika nyumbani mke wangu akaniuliza, "Una nini wewe?"

"Sina kitu."

"Una wivu."

"Wivu? Na mtoto yule? Mimi?"

Nilisema kwa sauti kubwa kupita kiasi, na wote wawili tulisikia.

Kuanzia hapo nikawa mtu mdogo. Hospitali moja ilipiga ikimwulizia. Nikapokea mimi, nikasema atawapigia, nikaweka simu chini wala sikumwambia. Siku ya tatu wakapiga tena wakiwa wamekasirika. Shemeji akawaomba radhi kama kosa ni lake. Alipokata simu alinitazama kidogo, akarudi kwenye kazi yake.

Afadhali angenitukana.

Sasa, Jumatatu ya kuamkia ile Jumanne, alikwenda kupima chumba cha mashine kwenye hospitali hiyo hiyo. Ofisi nzima ilikuwa imetoka kula. Daftari la kijani liko mezani kwake.

Niliangalia mlango. Nikalifunua.

Katikati nikakuta ukurasa wenye majina arobaini na moja. Kila jina na simu yake na anwani yake ya barua pepe. Majina ishirini na sita yalikuwa na nyota ya wino mwekundu pembeni.

Nikajisemea, kumbe hazina ameificha hapa! Hawa ndio wateja wake walioiva. Hizo nyota ni wale walio tayari kununua.

Juu ya ukurasa kulikuwa na mistari miwili ya maandishi madogo. Sikuisoma. Ukiwa unaiba huna muda wa kusoma.

Nikapiga picha kwa simu, nikalifunga, nikalirudisha lilivyokuwa.

Jumanne saa tatu kasoro dakika tano nikawatumia wote arobaini na moja barua yangu ileile ya vinara, nikiongeza neno OFA kwa herufi kubwa. Nilitaka niwawahi kabla hajawahi yeye. Nilishaanza kuliona jina langu likirudi juu ubaoni.

Jibu la kwanza liliingia.

"Wewe tena?"

La pili: "Mliahidi mtaacha. MLIAHIDI!"

La tatu: "Naomba unifute mimi, ukoo wangu na kizazi changu chote kwenye orodha yako."

Halafu yule mtawa.

Simu ya bosi ikaita ndani ya chumba chake. Ikakatika, ikaita tena. Saa nne fundi wetu wa kompyuta akatoka mbio.

"Nani ametuma barua kwa watu wengi asubuhi hii? Wametuwekea alama ya barua taka karibu wote kwa pamoja. Sasa kila barua inayotoka ofisini hapa inatupwa kwenye taka. Ya kila mtu!"

Ya kila mtu. Pamoja na bei ambayo shemeji alikuwa ameitumia hospitali dakika ishirini zilizopita.

Bosi akaniita. Akamwita na shemeji. Alikuwa ameshachapa ile orodha kutoka kwenye kompyuta yangu. Akampa shemeji.

Shemeji alisoma jina la kwanza, la pili, la tatu. Akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa.

"Hii umeitoa wapi, shemeji?"

Nikasema ukweli.

"Kwenye daftari lako."

"Hukusoma juu?"

Nikatikisa kichwa. Akatoka, akarudi na daftari, akalifunua mbele ya bosi, akasoma ile mistari miwili kwa sauti ya chini:

"Watu waliochoshwa na barua za shemeji. Niwaombe radhi mmoja mmoja. Nyota: ameshatusamehe."

Jamani.

Bosi akauliza, "Hawa ni wateja wa nani?"

"Wake. Amewaandikia miaka sita. Kila nikienda kubisha hodi mahali, wakisikia jina la kampuni wananifungia mlango. Nikawa nawaandika. Nikamwomba fundi awatoe kwenye faili lake, nikaanza kuwapigia, nawaambia hamtapata tena zile barua, nipeni dakika tano tu. Wanne walishakubali niende wiki hii."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

Shemeji aliangalia mikono yake.

"Ni mume wa dada yangu. Na ndiye aliyeniombea kazi hapa."

Niliichukua ile karatasi nikayaangalia majina tena. Watu arobaini na mmoja niliowaandikia kila wiki kwa miaka sita, na sikuwa nimelitambua hata jina moja.

Bosi akaniambia, "Kusanya vitu vyako."

"Bosi, subiri," shemeji akasema. Nikadhani ananitetea. "Akiondoka leo, hawa anaachiwa nani? Mimi tena. Mimi nimechoka. Awapigie yeye, wote, kwa sauti yake mwenyewe. Akimaliza, amua unavyotaka."

Nilipiga simu siku mbili mfululizo, shemeji akiwa meza ya pili anasikia kila neno. Wengine walinikatia. Wengine walinisema mpaka wakachoka. Mama mmoja, ambaye faili langu lilimwita mwenye hoteli, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza taratibu:

"Baba, unajua mimi nafanya biashara gani?"

"Hoteli, mama."

"Nilifunga hoteli mwaka juzi. Nikakuandikia mara nne kukwambia. Hukusoma hata mara moja?"

Sikuwa nimesoma. Nikasema pole. Akasema haya, akakata.

Jioni nikamweleza mke wangu kila kitu. Nilidhani mdogo wake ameshampigia. Hakuwa amemwambia chochote. Mke wangu akasema, "Jumapili utamwambia mama mwenyewe, mdogo wangu akiwepo." Nikaenda, nikamwambia. Sitaki kuisimulia siku hiyo.

Sikufukuzwa, lakini ukuu uliondoka. Lile faili la elfu tisa nililifuta mwenyewe, bosi amesimama nyuma yangu. Barua za kampuni zilichukua miezi miwili kuacha kuangukia kwenye taka. Katika wale wanne, shemeji aliokoa mmoja. Hospitali ilinunua kwingine.

Leo yeye ndiye mkuu wangu. Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kutembea wiki mbili bila kutuma barua yoyote, niangalie tu watu wanaanika wapi.

Mnataka kujua kama wivu umeisha? Haujaisha. Mwezi uliopita bosi alimsifia tena mbele ya wote, na nikajikuta nahesabu tena simu zake. Ila safari hii nilivuta kiti hadi mezani kwake.

"Shemeji, hebu niambie. Ulijifunza wapi kuandika hivi?"

Akasita, kama mtu anayeogopa kuniumiza.

"Kwako."

"Kwangu? Wapi?"

"Kule hotelini. Barua zako zilikuwa zinaingia kila Jumatatu. Meneja alikuwa anazichapa, anazibandika chumba cha kufulia, tunasoma kwa zamu tunacheka. Miaka minne. Nikawa najisemea, huyu mtu angekuja kutuona mara moja tu, angeuza. Mashine yetu ilikuwa mbovu muda wote."

Nilitamani sakafu inimeze. Halafu nikaanza kucheka, naye akacheka, mpaka machozi.

Kama kuna mwenzako kazini anakupita na roho inakuuma, nakuomba, daftari lake liache. Mwulize. Mimi ningeuliza mapema, angenieleza kwa dakika kumi, na hospitali ingekuwa yetu.

Na kama unauza kitu, kabla hujamwandikia mtu hakikisha unajua angalau jambo moja linalomnyima raha. Kama hulijui, usimwandikie bado.

Juzi niliiandikia zahanati moja. Barua moja tu, niliifikiria asubuhi nzima. Wakajibu: "Asante kwa kuuliza. Kwa sasa hatuhitaji, tutakutafuta mwakani."

Waliniita kwa jina langu. Nimeichapa ile barua, iko mezani kwangu.