Mirija ya Nyumba ya Mwalimu Ekaju

Tangu mwalimu Ekaju azikwe, mjane wake Akurut hakuwa na kiti kilichomtosha. Alikaa, akainuka. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa, akaenda hadi kwenye ua wa minyaa, akachungulia njia ya Tororo, akarudi. Watu wa Osukuru walidhani ni majonzi, wakamhurumia. Hawakujua kwamba alikuwa akilinda mlango wa jiko.

Ndani ya jiko lile alifichwa binti yake, Agwang, mwenye miaka kumi na tisa. Aliolewa Iyolwa na kijana aitwaye Etyang. Uchungu wa kuzaa ulimshika siku nne, mtoto akatoka amekufa, na tangu siku hiyo mkojo ukawa unamtoka wenyewe, amelala au amesimama. Etyang alimvumilia mwezi mmoja, kisha akamrudisha kwao na mkeka wake umekunjwa kichwani. Akurut aliwaambia watu kwamba binti amekwenda Busia kumsaidia shangazi yake. Uongo huo aliutunza kama alivyotunza gomesi, gauni lake la Jumapili. Nyumba ya mwalimu Ekaju ilikuwa nyumba ya mfano: bwana alikuwa mzee wa kanisa, bibi amesoma shule ya bweni, na wote wawili walikuwa wameweka ahadi mbele ya waumini kwamba hawataonja pombe maisha yao. Katika nyumba kama hiyo doa lingekaa wapi?

Mwaka wa pili Akurut alisikia habari za daktari wa misheni aliyeweza kushona majeraha ya namna ile. Wakatoka alfajiri wakapanda gari la moshi. Ilikuwa mwaka elfu moja mia tisa hamsini na nne, na stesheni ya Tororo ilijaa wanaume wa kila kabila waliokuja kutafuta kazi kwenye kiwanda cha saruji, hata hakuna aliyewatazama. Baada ya wiki nane walirudi watatu. Agwang alikuwa mkavu. Pamoja naye alikuja Nangila, Msamia wa Busia upande wa Kenya, aliyelala kitanda cha jirani. Yeye alikuwa bado anavuja kidogo, akingoja kushonwa mara ya pili, na kwao hakuna aliyemtaka.

Daktari alikuwa amesema: miezi sita wasiinue mtungi wala wasishike jembe. Ni rahisi kusema. Lakini katika nchi ambayo wimbi hupaliliwa kwa mkono, msichana asiyeonekana shambani huulizwa maswali. Akurut akaona ni lazima wawe na kazi ya kukaa, kazi itakayowalisha na kuwapa jibu la kujibu. Akafungua sanduku lake la shule, akatoa uzi na sindano, akawafundisha kufuma vitambaa vya meza vyenye maua.

Nangila alifuma kimoja, akakigeuza huku na huku.

"Mama, kizuri. Sasa kitalala juu ya nini?"

"Juu ya meza."

"Meza ya nani? Iko hapa kwako, na nyingine kwa padre. Padre atanunua vingapi?"

Agwang alicheka mpaka akajishika tumbo. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu arudishwe, na mama yake hakujua akasirike au ashukuru.

Nangila alijua kazi nyingine, aliyofundishwa na babake aliyekosa mwana wa kiume. Alisuka vichujio vya mirija ya pombe. Wanywaji wa huko huketi kuzunguka chungu kimoja cha pombe ya wimbi, kila mtu na mrija wake mrefu, na kwenye ncha inayozama huvishwa kichujio kidogo kama kidole gumba, makapi yasije yakapita. Nangila alikisuka kwa nyuzi za ukindu, kimebana hata maji yalisitasita kupita.

"Katika nyumba hii, hapana," alisema Akurut.

Alizunguka ua siku tatu na neno hilo. Siku ya nne unga ulikwisha. Siku ya tano aliibeba mirija kumi na miwili yenye vichujio vya Nangila, ameifunga ndani ya shuka, akampelekea Hamuza, mfanyabiashara Mwislamu wa Tororo.

"Hata mimi sinywi, Bibi Mwalimu," Hamuza alisema, akikagua ncha moja baada ya nyingine. "Haramu ni kile kilichomo chunguni. Mrija ni unyasi tu. Nikiulizwa umetoka wapi?"

"Umetoka ng'ambo."

"Ng'ambo ya wapi?"

"Ng'ambo, Hamuza."

Ikauzwa yote kabla ya Jumamosi. Watu wa kiwandani walikuwa mbali na kwao, na kila mmoja alitaka mrija wake mwenyewe. Kabla ya mavuno, "mirija ya ng'ambo" ilikuwa na jina mpaka Petta. Agwang alikuwa amejifunza kusuka, akampita mwalimu wake. Lakini kila Akurut alipofunga mzigo, binti alisimama mlangoni.

"Niipeleke mimi leo. Nimepona, mama."

"Umepona, lakini midomo ya watu haijapona. Ingia ndani."

Ndipo ikaja siku ya kuondoa matanga ya baba mdogo wa ukoo, nyumbani kwa Emojong, kaka wa marehemu Ekaju na mkubwa wa familia. Akurut alikwenda, akaketi na akina mama wa kanisa upande wa chai. Hakutulia. Kutoka pale aliona wazee kumi wamezunguka chungu, na kila mkono wa kulia umeshika mrija aliousafirisha yeye ndani ya shuka.

Halafu akamwona Etyang. Alikuja na watu wa Iyolwa, naye alikuwa amekwisha kulewa.

"Wazee wangu," Etyang alisema kwa sauti, "mnanyonya vizuri? Mnajua mnachonyonya? Nilikuwa Busia juzi. Kwa kina Nangila wanajua yuko wapi na anasuka nini. Mirija yenu inasukwa na wanawake wanaojikojolea! Mmoja nilimrudisha mimi mwenyewe. Yuko jikoni kwa mama mkwe wangu pale, mama mtakatifu."

Mirija ikaanza kutoka chunguni, mmoja baada ya mwingine. Mzee mmoja alitema mate, akautupa wake chini. Emojong hakutoa wake. Alimgeukia Akurut, na watu wote wakageuka naye.

"Shemeji," alisema taratibu, "huyu ni mlevi. Sema si kweli, neno liishe hapa hapa."

Neno moja tu. Akurut alikuwa nalo tayari mdomoni, amelizoea, limekuwa laini kwa kutumiwa. Angelisema, jina la Ekaju lingebaki jeupe, na Etyang angetolewa nje kwa makofi. Na kazi ya wasichana wale ingekuwa imekufa siku hiyo, maana nani tena angenunua mrija ulioshukiwa, usio na mwenyewe wa kuutetea? Agwang angebaki Busia kwa shangazi mpaka azeeke jikoni.

Alisimama, akavuka uwanja. Kwa watu wale kuna desturi isiyobishaniwa: kinywaji au chombo chake kikitiliwa shaka, aliyekileta hutangulia kunywa. Akurut aliuokota mrija uliotupwa, akaufuta udongo kwa mkono wa gomesi, akauzamisha.

"Mama Agwang!" mama mmoja wa kanisa aliita. "Ahadi yako!"

Akanyonya. Pombe ilikuwa ya moto, chachu, mbaya kuliko alivyowahi kuhubiri. Akanyonya tena.

"Huu umesukwa na Agwang, binti wa Ekaju," alisema. "Aliumia kwa kuzaa mtoto wa huyu anayepiga kelele. Ameshonwa, amepona. Nangila atapona. Asiyetaka mirija yao anirudishie, nitaichukua."

Emojong aliinamisha kichwa, akaendelea kunywa. Wazee wanne wakarudisha mirija yao. Watano waliondoka, na mmoja wao alikuwa shemasi.

Akurut alirudi nyumbani kwa haraka, nusu akikimbia. Alijua kwamba Jumapili jina lake lingesomwa mbele ya waumini, na meza ya Bwana angeitazama kwa mbali. Alimkuta Agwang jikoni, uzi mdomoni, akamweleza yote kwa pumzi moja.

Agwang aliutoa uzi mdomoni.

"Umesema jina langu?"

"Nimelisema."

"Mbele ya Etyang?"

"Mbele ya watu wote."

"Miaka miwili ulinificha bila kuniuliza," Agwang alisema. "Leo umenitoa, na hukuniuliza vilevile."

Akurut akaketi juu ya kinu, akainuka, akaketi tena. Agwang alikuwa amekwisha kuanza kufunga mirija kwa kamba, wazi, bila shuka.

"Kesho naipeleka mwenyewe kwa Hamuza," alisema. "Wenye maswali waniulize mimi. Wewe, mama, baki nyumbani."