Jina la Simeon Kwenye Printa

Tangu Simeon azikwe, printa ya kiwanda cha maziwa pale Chaka haikukoma kumtaja. Kila asubuhi kompyuta ilipowashwa, ilitema karatasi: SIMEON: TANGI LIKO BARIDI. Ulikuwa mwaka wa tisini na nne, na lawama zilimwangukia mjane wake, Wangechi, aliyeosha mitungi uani. Wanawake wenzake walikula githeri katika sufuria moja. Yeye alipakuliwa kando, juu ya kifuniko. Walidai amekataa kumwachilia mumewe.

Gathoni, aliyerithi kiti cha marehemu mbele ya kompyuta, hakuupenda uonevu ule.

Wamae, meneja, alileta mhubiri. Wakaomba, wakazima kompyuta hadi Jumatatu. Siku hiyo Wamae mwenyewe akabonyeza swichi. Printa ikakohoa, jina likatoka.

"Tuliomba, tukazima," Wamae akanong'ona. "Sasa ni nani amemwamsha?"

"Ni wewe, mzee," Gathoni akajibu. "Ukiwasha, kiini cha mfumo huamka kwanza, kikaamsha programu moja, mama wa zote. Huyo mama ana orodha ya watumishi wa kuamsha, nao hufanya kazi chinichini bila kuonekana. Simeon alimwandika mmoja wa kupima baridi ya tangi, akampa jina lake. Kuzima ni kumlaza tu. Asubuhi huitwa tena."

"Ati huitwa. Si hiyo ndiyo ile kitu tunasema? Ni vile tu wewe umesoma."

"Basi nenda uani uwaambie wanawake Wangechi hana hatia."

Wamae akaikunja ile karatasi. "Mtoe kwanza. Lakini tangi ipimwe."

Gathoni akaandika mtumishi mwingine, wa kunyamaza mpaka maziwa yapate joto. Alipofika kwenye jina la Simeon kidole kikawa kizito, kana kwamba nyuma ya kioo cha kompyuta palikuwa na mtu anayesubiri kuitwa. Akalifuta.

Kesho yake kompyuta iliamka kimya. Wamae akaenda uani, akasema aliyopaswa kusema kitambo. Adhuhuri wanawake wakasogea, Wangechi akapata nafasi penye sufuria. Akachovya kijiko, asile.

"Kwani huna njaa, mama?" Gathoni aliuliza.

"Nilikuwa nafika mapema, nasimama hapo dirishani," Wangechi alisema. "Printa ikikohoa, nilikuwa namsikia akiingia kazini."

Gathoni akaisogeza sufuria karibu naye.