Wawira na Mama Yake wa Ujerumani

Wifi yangu Wawira ana mdomo, na sisemi kwa ubaya. Hapa soko la Kiritiri tunauza ndengu, wengine huziita choroko, bega kwa bega, na mteja akilalamika kwamba gorogoro yake, lile kopo la kupimia, haijajaa, Wawira atamjibu mpaka anunue mbili. Sasa mtu kama huyo ndiye aliyepanda ndege mwaka wa tisini na sita kwenda Ujerumani!

Joyline, binti yake wa pili, ni muuguzi huko. Alikuwa na mimba ya pili, akamwita mama yake amsaidie akijifungua. Viza ikatoka, ya kutembelea jamaa, miezi mitatu. Daktari alikuwa amesema mtoto atazaliwa Wawira akiwa bado huko. Lo! Mtoto hakuambiwa. Viza ilibakisha wiki moja, na tumbo la Joyline bado limekaa tu.

Wawira akanipigia simu dukani kwa Mutegi, pale tunapopokelea simu sote.

"Wifi, watanifukuza kabla sijamwona mtoto! Rafiki wa Joyline anasema nibadilishe viza, niandikwe mwanafunzi. Mwanafunzi wa nini, na magoti haya?"

Nilicheka, lakini roho ilikuwa juu juu. Kwetu wasichana hurithi majina ya bibi zao, wa kwanza la mama ya baba, wa pili la mama ya mama. Mtoto wa kwanza wa Joyline, msichana, alipewa jina la mama mkwe wake. Huyu wa pili akiwa msichana, jina ni Wawira. Wewe ungekubali kukosa hapo?

Kesho yake wakaenda ofisi ya wageni kuomba aongezewe muda. Yaliyotokea alinisimulia baadaye, na kila akisimulia lazima asimame.

Joyline alikuwa amemwonya anyamaze, yeye ndiye angejibu. Wawira anyamaze? Thubutu! Afisa, kijana mwenye miwani, akauliza kwa Kiingereza, "Huyu mjamzito ni nani wako?"

"Ni mama yangu," Wawira akasema.

Afisa akaangalia karatasi. Karatasi ilisema binti. Akamwangalia Joyline, akamwangalia Wawira na mvi zake, akauliza tena.

"Nimesema ni mama yangu!"

Ndivyo anavyomwita tangu azaliwe. Jina la Joyline la nyumbani ni Wanja, la marehemu mama yake Wawira, na huku kwetu nani atamwita mama yake kwa jina? Lakini Mjerumani atajuaje? Alifunga faili. Akasema karatasi na maneno havipatani, na yeye haongezi hata siku moja kwa uongo.

Joyline akaanza kulia. Hapo ndipo wifi alipopandwa na hasira. Aliinuka na Kiingereza chake cha darasa la saba, akapiga meza.

"Kijana, sikiza! Mama yangu alikufa. Huyu nilimzaa mimi, nikampa jina lake, mama akarudi. Na huyu aliye tumboni akiwa msichana, ni mimi. Sasa unataka kunirudisha Kiritiri, nizaliwe na mimi mwenyewe sipo?"

Mama mmoja wa meza ya pili akaangua kicheko, na yule kijana naye akashindwa kujizuia. Akavua miwani, akauliza jambo moja tu, kama kweli atarudi kwao.

"Nitakosaje? Nimemwachia Ednah ndengu zangu, na Ednah hajui kuuza!"

Mnamsikia? Mimi! Lakini muhuri ukagongwa, mwezi mzima.

Huku sisi hatukujua lolote. Nilikuwa nimekaa na wasiwasi wangu siku ya soko, watu wamejaa, nikasikia Mutegi akipaza sauti, "Ednah! Ujerumani!" Niliacha ndengu wazi, mbuzi wa watu wakitaka wajilie, nikakimbia na viatu mkononi.

"Wifi!" Sauti ya Wawira karibu inipasue sikio. "Nimezaliwa! Nimezaliwa leo asubuhi, na mdomo nimekuja nao! Niko hapa kitandani, nimejipakata mwenyewe!"