Korongo Aliyekwama Matopeni

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu nilipopelekwa kulinda pampu ya maji kwenye chemchemi moja upande wa Leparua, nje ya mji wa Isiolo. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Asubuhi niliwasha injini, jioni niliizima, kisha nikaandika kwenye daftari saa ilizofanya kazi. Kwetu ni magharibi, karibu na ziwa. Sikujua Kiborana wala Kiturkana, na chumba changu cha mabati kilikuwa peke yake kwenye uwanda ule wote.

Injini ilinguruma kutwa. Nilipoizima, ule ukimya ulinitia hofu. Wiki mbili za mwanzo niliongea na injini. Wiki ya tatu nikaanza kutazama ndege.

Chini ya chemchemi kulikuwa na kinamasi kilichojaa matete. Yangeyange walisimama ukingoni, weupe kama nguo zilizoanikwa. Mdiria alijitupa majini na kutoka na kisamaki mdomoni. Bata bukini waligombana kuanzia alfajiri. Nikawa nawaandika kando ya saa za injini, mpaka siku msimamizi wangu alipokuja kukagua.

“Hawa bata wanatumia dizeli?” aliniuliza.

“Hapana, bwana.”

“Basi wasikae kwenye daftari langu.”

Nilienda Isiolo nikajinunulia daftari la shule, nikaendelea.

Niliowapenda kuliko wote walikuwa korongo wawili wenye ushungi wa dhahabu kichwani. Asubuhi walirukaruka wakitazamana, wakainamiana, wakafungua mbawa. Niliwatazama huku chai ikipoa mkononi.

Binadamu niliyemwona mara kwa mara alikuwa mmoja tu, mama wa Kiborana mwenye umri wa mama yangu. Kila siku ya tatu alikuja na punda wanne kuteka maji. Alinisalimu, “Salaam aleikum, fundi,” nami nikaitikia. Alijaza mitungi, akaifunga kwa kamba, akaenda zake. Mwaka mzima sidhani tulisemezana maneno mia.

Kisha mvua zikakosa kuja, msimu wa kwanza na wa pili. Kinamasi kikasinyaa, kikaacha matope meusi yaliyokauka juu tu. Bata wakahama. Kuro waliokuja kunywa walikuwa wanahesabika mbavu.

Asubuhi moja nilisikia korongo akilia vibaya. Mmoja wa wale wawili alikuwa amezama matopeni mpaka tumboni, akipigapiga mbawa. Mwenzake alizunguka juu yake. Sikufikiri. Nilivua viatu nikaingia.

Hatua kumi za kwanza zilikuwa nzuri. Ya kumi na moja ilinizamisha hadi mapajani. Nilipojaribu kuutoa mguu mmoja, wa pili ukazidi kwenda chini. Nilimfikia ndege, nikamkumbatia, naye akanidonoa shavuni. Hapo matope yalikuwa kiunoni. Nilipiga kelele, huku nikijua kwamba hakuna wa kunisikia.

Lakini ilikuwa siku ya tatu. Yule mama alitokea na punda wake, akasimama akanitazama. Alifungua kamba za mitungi, akaziunga, akafunga mwisho mmoja kwa punda mkubwa na kunirushia mwisho wa pili.

“Wacha ndege, shika kamba!” akapaza sauti.

Sikumwacha. Nilijifunga kamba kwapani, punda akavuta, na nikatoka nikiburuzwa kifudifudi, korongo nimembana chini ya mkono.

Tulimwosha kwa maji ya mtungi. Alisimama akiyumba, akajikung'uta, akaruka kumfuata mwenzake. Yule mama alikaa chini kando yangu.

“Wewe fundi, mtu gani hii anataka kufa kwa sababu ya ndege?”

Nilitaka kucheka, nikashindwa. “Mama, mimi nikiamka sioni mtu mwingine.”

Alisogeza mtungi karibu. “Wewe hakuna watu?”

“Wako. Wako mbali.”

Alichota maji kwa kiganja akanifuta damu shavuni, taratibu, kama anavyofutwa mtoto. Sikuwa nimeguswa na mkono wa mtu tangu nihamie pale. Niligeukia upande wa pili asinione ninavyolia.

Alikuja mara mbili tena, akakaa zaidi ya kawaida, akaniletea maziwa kidogo ingawa ng'ombe wake walikuwa wanakufa. Mara ya pili aliniambia yeye na jamaa zake wanahama, nyasi zimeisha. Sikumwuliza wanakwenda wapi. Korongo nao waliondoka wiki hiyohiyo. Kwenye daftari langu niliandika “hakuna” siku baada ya siku, nikageuza ukurasa, nikaandika tena.

Mvua iliporudi, ndege walirudi. Yule mama hakurudi. Niliwauliza wachungaji waliopita habari zake, na mmoja akasema anamjua, sasa anaishi Kulamawe kwa binti yake, miguu inamsumbua. Nikaazimia kwenda kumwona mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi injini iliharibika. Mwezi uliofuata nilisubiri vipuri. Miaka ikapita hivyo, kisha, mwanzoni mwa miaka ya themanini, ikaja barua ya uhamisho.

Lori lililonichukua lilisimama Isiolo mjini kujaza mafuta. Magari ya kwenda Kulamawe yalikuwa ng'ambo ya barabara, utingo akiita abiria. Nilimtazama kwa muda mrefu. Dereva wetu akapiga honi, nikapanda lori.